Mama Titulaire na Watu wa Mlangoni

Kabla hajakusalimia, Mama Titulaire alikuwa ameshakuangalia tumbo. Hakuficha. Ungeingia kwenye baraza ya kituo chetu cha afya, uvue kofia, ufungue mdomo useme shida yako, na macho yake yangekuwa bado chini, kwenye mkanda wa suruali, yakikadiria. Ndipo yangepanda usoni na mkono ungetoka.

"Papa, mumeongezeka," alimwambia baba yangu siku moja mbele ya watu. Kwetu kilimani kuongezeka ni sifa, kwa hiyo baba akamshukuru.

"Sijasema kama ni muzuri," akamjibu.

Titulaire ndivyo anavyoitwa, kwetu Masisi, mashariki mwa Kongo, muuguzi anayeongoza kituo cha afya. Alikuwa na jina, na lilikuwa limeandikwa kwenye cheti kilichotundikwa ukutani nyuma ya meza yake, lakini katika miaka tisa niliyomfahamu pale sikumsikia mtu akilitumia. Hata mumewe, kabla hajafariki, alimwita Titulaire, na akimwita hivyo sauti yake ilikuwa ya mtu anayesubiri zamu kwenye benchi.

Mimi nilikuwa mtu wa redio. Nilifanya kazi kwenye redio ndogo ya Kitshanga, na kila baada ya wiki mbili nilipanda kilimani kwetu na kinasa sauti kutafuta habari za afya kwa kipindi cha Jumamosi. Kwake sikuwa na jina pia. "Radio, kaa." "Radio, shika hii taa." Mara moja, nikiwa kijana na maneno mengi, nilimtaja hewani kuwa ni shujaa. Niliporudi alinisimamisha mlangoni mwa kituo.

"Nani alikuambia ile?"

"Ni heshima, Mama."

"Jumamosi inakuya utasema kama mi niko titulaire. Ile inatosha."

Nikasahihisha hewani. Wasikilizaji wa Kitshanga lazima walishangaa.

Vitu vyake vilikuwa na mahali pake. Kalamu mbili, ya buluu kwa wagonjwa na nyekundu kwa makosa. Ndoo ya maji yenye kifuniko. Shingoni, mahali ambapo wauguzi wengine huning'iniza kifaa cha kusikilizia moyo, yeye alining'iniza mita ya mshonaji. Ilikuwa ya plastiki ya manjano, namba zake zimefutika, na alikuwa amefunga juu yake nyuzi mbili nyekundu, mmoja kwa matumbo ya wanaume, mwingine kwa matumbo ya wanawake. Tumbo likipita uzi, unakaa kwenye benchi. Lisipopita, anakuuliza umri, anakuuliza kama mzazi wako alikuwa na ugonjwa wa sukari, kisha, kwa kuwa mkojo wenye sukari huita sisimizi, anakuuliza swali la tatu kwa sauti ileile aliyotumia kuita majina ya watoto wa chanjo:

"Pahali unakojoaka, sisimizi banakuyaka?"

Wazee walitazama chini. "Mama, ile mambo mi siangaliaka."

"Enda uangalie. Utarudi."

Na walikwenda, wakaangalia, wakarudi. Niliwahi kumkuta mzee mmoja wa heshima zake, mwenye ng'ombe na kofia ya manyoya, amechuchumaa nyuma ya ua wake asubuhi akichungulia nyasi kwa makini.

Mashine ya kupimia sukari ya damu ilikuwa ndogo kama simu ya tochi. Iliachwa na wageni wa kanisa waliopita siku moja, pamoja na maboksi manne ya bandeleti, zile karatasi ndogo zinazopokea tone la damu. Kila boksi lilikuwa na kichupa kimoja, bandeleti hamsini. Ukitumia moja imekwisha, huioshi wala huianiki.

Boksi la kwanza Mama Titulaire alilitunza kwa wagonjwa peke yao, kama alivyofundishwa shuleni. Wagonjwa wa sukari waliojulikana kituoni walikuwa wawili. Lakini bandeleti zina tabia moja: kichupa kikishafunguliwa, kinaishi miezi mitatu tu. Miezi mitatu ilipotimia alikuwa ametumia tisa. Nilikuwepo siku alipozimwaga nyingine mezani na kuzihesabu kwa ncha ya kalamu nyekundu. Arobaini na moja, safi, kavu, na zote zimekufa.

"Ona, Radio. Bantu arobaini na moja balipita hapa mbele yangu na sukari yabo mu damu, banaenda sokoni, banarudi. Na mi niko nachunga bandeleti sawa vile kuku anachunga mayai ya kuoza."

Hakuzitupa siku ile. Alizifunga kwenye gazeti akaziweka kwenye rafu, mahali ambapo angeziona kila akiinua macho.

Kuanzia boksi la pili alianza kuwapima watu wazima ambao hawakuwa wagonjwa. Alikuwa akiwatafuta watu fulani: wale ambao sukari yao imepanda kuliko inavyotakiwa lakini bado haijafika kwenye ugonjwa. Hawaumwi popote. Hawajui. Aliwaita watu wa mlangoni, na jina hilo likashika mpaka sokoni. Mwanamke aliyekataliwa soda na mumewe angesema, "Juu ya nini? Mi siko ku mulango."

Lakini hakupima kila aliyetaka. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alileta walimu wake wote siku moja, wamepiga mstari, wamevaa vizuri, wakitaka kupimwa kwa sababu wamesikia kuna mashine. Akapitisha mita kwenye matumbo yao, akauliza maswali yake, akawarudisha wote isipokuwa mmoja.

"Na sisi, Mama?" mwalimu mkuu akauliza.

"Ninyi muko munataka kuona mashine. Ndiyo hii, muione." Akaiinua. "Kidole kimoja, sababu moja. Mwende mufundishe."

Shida yake ilikuwa njaa. Kipimo hiki kinataka mtu ambaye hajala tangu jana, na kwetu mtu anayekuja kituoni amekula viazi kabla hajaondoka, kwa sababu njia ni ndefu na benchi ni refu zaidi. Alijaribu kuwaambia waje bila kula. Walikuja wameshiba na kuapa. Ndipo alipokumbuka Ijumaa. Katika makapela yetu Ijumaa ni siku ya kufunga na kuomba. Watu wazima wa kilima kizima, hasa wale wa umri aliowatafuta, hukusanyika asubuhi tumbo tupu mpaka saa sita mchana, na hakuna anayehitaji kuwabembeleza. Akaenda kumwona mchungaji, akaomba benchi moja mlangoni mwa kapela kabla ya ibada, akapewa. Yeye mwenyewe hakufunga. "Mi niko ku kazi," alisema, "na Mungu anajua zamu yangu."

Baba yangu alikuwa shemasi wa kapela yetu, kwa hiyo Ijumaa ya kwanza alikaa wa kwanza kwenye benchi, kuwaonyesha wengine mfano. Tumbo lake lilipita uzi kwa vidole vitatu.

"Papa Shemasi, mulikula?"

"Mama, leo ni Ijumaa."

"Sikuuliza siku."

"Sikula."

"Na kasiksi, jana mangaribi?"

Kasiksi ni pombe yetu ya ndizi. Nyuma ya baba walisimama watu ishirini waliofunga, na wote walinyoosha shingo kusikia.

"Kidogo," baba akasema. "Ya kushusha bugali."

"Kidogo ya kikombe ao kidogo ya kibuyu?"

Mtu mmoja akakohoa. "Mama, pima kidole," baba akasema. "Ile ingine nitaongea na pasta."

Mashine ikatoa mlio. Akaisoma kwa Kifaransa, kama alivyosoma namba zote, "Cent dix-huit," yaani mia moja kumi na nane, akaandika, kisha akamtazama kwa upole ambao nilikuwa sijauona bado.

"Muko ku mulango, Papa."

"Mulango ya wapi?"

"Ya sukari. Hamuyaingia bado. Lakini mukiendelea hivi mutaingia, na mu ile nyumba bantu habatokake."

Dawa aliyompa haikuwa kidonge. Bugali nusu ya sahani. Kasiksi siku za sikukuu. Na shamba: tulikuwa na shamba moja nyuma ya nyumba na lingine juu kabisa, karibu na malisho ya ng'ombe, mwendo wa saa nzima wa kupanda, ambalo baba alikuwa amewaachia vijana. "Lile la kule juu mulilime wenyewe," alisema. "Musitume batoto." Baba alinung'unika mwezi mzima. Lakini alikuwa ameambiwa mbele ya kanisa, na shemasi hawezi kuonekana amekaa nyumbani huku kila mtu akijua anatakiwa kuwa wapi. Nadhani Mama Titulaire alilipanga hilo pia. Watu walimsaidia kufuatilia bila kujua. "Papa Shemasi, leo haukupanda?" Wakamchosha mpaka akapanda.

Mama Titulaire mwenyewe alikunywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari. Niliwahi kumwuliza, kinasa sauti kikiwa kimezimwa. "Nilijipima," akasema, akikoroga. "Namba yangu iko nzuri." Kisha akaongeza, "Ile siyo jibu, najua. Kunywa yako." Na alikuwa mkali, mwenye mdomo, mtu wa kukufukuza barazani kwa sababu umekuja siku isiyo yako, halafu jioni unamkuta njiani na viatu mkononi, ametembea saa mbili kwenye tope kukufuata nyumbani kwa sababu hakupenda rangi ya macho yako ulipokuwa unaondoka.

Sasa nifike kwenye Ijumaa ya muwa, ambayo watu wa kwetu huisimulia wakicheka, na ambayo yeye hakuisimulia kamwe.

Ng'ambo ya mto kuna kapela ndogo ya mbao. Alikwenda huko na boksi la nne, lililokwisha kutumika kidogo. La tatu lilikuwa limekwisha. Mimi nilimbebea ndoo. Baada ya mita na maswali wakabaki watu kumi na saba kwenye benchi, wote wamefunga, wote wameapa. Wa kwanza, juu sana. Wa pili, juu. Wa tatu, juu kuliko wa kwanza. Alipofika wa tano alibadilisha sindano. Alipofika wa nane alifuta mashine kwa kanga yake akaanza upya, akarudia wale nane. Watu kumi na wawili kati ya kumi na saba walionekana wameshaingia ndani ya nyumba, si mlangoni tena, na akawapima tena wote, kidole kingine, mkono mwingine. Waliokaa kwenye benchi walianza kulia. Mama mmoja aliuliza kama ni maji ya mto. Kichupa kilikwisha pale pale.

Tulishuka. Njia ya kutoka kapelani ni nyembamba, na katikati yake Mama Titulaire akasimama. Akainama akaokota kitu: kapi jeupe lililotafunwa, lenye alama za meno. Nyuma yetu yalikuwa mengine, na mengine, yametapakaa mpaka mlangoni mwa kapela kama maua ya harusi. Akarudi mbio.

"Nani anatafunaka muwa siku ya kufunga?"

Walitazamana. Mzee wa kapela akajibu kwa heshima, akimwelewesha mgeni. "Mama, muwa haiko chakula. Sisi hatukulaka muwa. Tunanyonya maji, tunatema."

"Na ile maji inaenda wapi?"

"Inasaidia tu kufika. Kilima iko mukali."

Akashika mkono wa aliyekuwa karibu, akanusa vidole. Vilikuwa vinanata kwa sukari ya muwa, na tone la damu lilikuwa limepita humo humo. Akakaa kwenye kizingiti cha kapela akacheka mpaka mita ikamwanguka shingoni, na wao wakacheka, maana walikuwa wameambiwa wanakufa na sasa hawafi. Mimi nilirekodi kicheko kile. Sikuwahi kukitangaza.

Siku nne baadaye walimleta mpasua mbao.

Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mikono mikubwa, aliyepasua mbao za misonobari karibu na malisho. Walimleta kwa machela, amepoteza fahamu, anapumua kwa nguvu kama aliyetoka kukimbia. Kaka yake mkubwa alishika upande wa kichwa. Kituo kilikuwa na kipimo cha malaria, na kilionyesha malaria, kama kinavyoonyesha kwa nusu ya watu wa kwetu. Mama Titulaire akaanza dawa ya malaria. Mashine ya sukari ilikuwa mezani, nzima, na betri yake nzima, na hakukuwa na kitu cha kuiwekea. Ilipofika alasiri aliinama kumgeuza, akasikia pumzi yake, harufu ya ndizi zilizoiva mno. Akajua ni sukari. Akawaambia wamkimbize hospitali, akatembea nao mpaka giza. Mgonjwa alifariki kabla hawajaona taa za Kitshanga.

Hakuna aliyemlaumu. Kaka wa marehemu alikuja kumshukuru kwa kutembea nao. Lakini Mama Titulaire alifungua gazeti lile la kwenye rafu, lenye zile arobaini na moja zilizokufa, na kando yake akaweka kichupa cha nne kilichokuwa kitupu. Zilizooza kwa kutotumika na zilizokwisha kwa kutumika. Vilikaa hivyo, pamoja, muda wote nilioendelea kwenda pale.

Mwezi uliofuata akaja daktari wa eneo la afya, kijana mpole mwenye buti za tope na uchovu machoni. Waliongea barazani, na mimi nilikuwa kwenye benchi, kwa hiyo ninaandika nilichosikia.

"Mama Titulaire, boksi yote inaisha juu ya bantu bazima. Bagonjwa yako ni babili."

"Ndiyo, Docteur."

"Na ule mupasua mbao alikosa moja tu."

"Alikosa moja." Kisha akasema polepole, akiweka kidole mezani kwa kila jambo, "Docteur, akiingia mu ugonjwa, mutu mumoja anakula bandeleti kila juma mpaka kufa. Anataka sindano. Sindano inataka frigo, frigo inataka Goma. Jamaa inauzisha ngombe. Ule wa ku mulango anakula bandeleti moja kwa mwaka, na dawa yake ni jembe. Unaona yenye inamaliza boksi ni nani?"

Daktari hakukasirika. "Naona. Lakini nani anakuambia kama angeingia? Bengine banabakiaka ku mulango mpaka uzee. Bengine banarudi kwabo bila weye kubaambia kitu. Kama hangeingia, ile bandeleti ulitupa."

Hapo nilidhani atamrukia. Hakumrukia.

"Ile sijue," akasema. "Njo maana nilibaandika."

Akatoa daftari. Lilikuwa na majina ya watu wote aliowakuta mlangoni. Baba yangu alikuwa wa tatu. La mwisho, la kumi na moja, lilikuwa la kaka wa mpasua mbao, aliyepimwa kwa bandeleti chache ambazo daktari mwenyewe alikuwa amezituma kabla ya kuja. Mbele ya kila jina kulikuwa na safu tatu, mwaka kwa mwaka, na ya kwanza tu ilikuwa imejazwa. Daktari akasoma kwa muda. Wakakubaliana hivi: boksi moja litakuja kila miezi mitatu, bandeleti tano kati yake zitawekwa kando ndani ya kopo la maziwa na haziguswi ila kwa mgonjwa, na wale kumi na mmoja watapimwa kila mwaka. Mwisho wa safu ya tatu watajua kama Mama Titulaire aliokoa bandeleti au alizitupa.

"Na kama nilizitupa?" akauliza.

"Utaacha," daktari akasema.

"Nitaacha. Lakini yule alikufa itakuwa alikufa juu ya bure."

Alisema hivyo bila kuinua sauti, akifuta meza.

Safu ya pili haikujazwa. Kabla mwaka haujafika, risasi zilishuka kutoka upande wa malisho na kilima chetu kikahama kwa asubuhi moja. Walioelekea Kitshanga walikwenda kwenye kambi, wengine Goma, wengine msituni kwa ndugu. Mara ya mwisho nilimwona barabarani akiwa na kopo la maziwa kifuani na daftari ndani ya nguo, akimfokea mtu aliyetaka kumsaidia kubeba. Nilisikia baadaye kwamba yuko upande wa Walikale.

Kazi yangu ni kuuliza watu maswali. Kwa miaka iliyofuata, popote redio iliponituma, niliongeza swali moja. Majina kumi na moja niliyajua kwa kichwa, yalikuwa majina ya watu wa kwetu. Kambini, sokoni, kwenye foleni ya maji, niliuliza: fulani wa kilima chetu, umemwona? Anaendeleaje? Niliandika majibu.

Mwaka huu nilipita Kibua, nikielekea Omate kwa habari za wachimbaji. Kibua ni kijiji cha wakulima kwenye msitu wa Walikale, na mwisho wake kuna kituo kidogo cha mbao. Nilivuka mlango nikaona mita ya manjano kabla sijaona uso. Macho yake yalikuwa kwenye mkanda wangu.

"Radio," akasema. "Umeongezeka."

Amezeeka. Anavaa miwani iliyofungwa kwa waya. Alijimiminia chai, vijiko vitatu, na mimi hakunikaribisha. Alinieleza kwamba wawindaji wa hapo huingia msituni alfajiri tumbo tupu, ndiyo desturi ya wazee wao, na yeye huwangoja mwanzo wa njia na mashine mpya. "Hapa hakuna muwa ku njia," akasema, na akatazama pembeni.

Nikamwambia nimemletea habari za watu wa mlangoni.

Hakuuliza nimezipataje. Alitoa daftari lilelile, kingo zake zimeliwa na unyevu, akafungua, akachukua penseli. Si kalamu ya buluu wala nyekundu. Nikamsomea. Watatu sikuwapata. Mmoja alifariki kambini kwa homa. Wawili waliingia, wako Goma, mmoja anajidunga sindano. Akauliza ni nani na nani, nikamwambia, akaandika majina yao. Wanne wazima, wamepimwa sehemu moja au nyingine, hawajaingia.

"Papa yako?"

"Iko. Shamba la juu tumerudi kulilima. Anapanda kila siku, anasema ni weye unamuua."

"Kasiksi?"

"Sikukuu tu. Lakini siku hizi iko na sikukuu mingi."

Akaandika. Kisha penseli ikabaki juu ya mstari wa kumi na moja na hakuniuliza. Nikamwambia mwenyewe. Kaka wa mpasua mbao aliacha msumeno, anauza mbao Kitshanga, anatembea nazo kichwani kwa wateja ingawa ana mkokoteni. Alipimwa hospitali mwaka jana.

"Alisema nikuambie hivi: bado iko ku mulango. Alikaa pale, alizoea baridi."

Mama Titulaire akavua miwani. Akaifuta kwa kanga kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

"Habari haiko kipimo," akasema mwishowe. "Docteur angekataa hii."

"Angekataa," nikakubali.

"Watatu hatubajue. Wawili baliingia. Wale bengine, ni jembe ao ni Mungu, siwezi kuapa." Akavaa miwani. Safu ya pili ilikuwa imejaa penseli, isipokuwa nafasi tatu. Akaitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyerudi mchafu. "Lakini hazikutupwa zote, Radio."

"Hazikutupwa."

Akasimama, akapitisha mita kiunoni mwangu kabla sijakataa. Tumbo langu lilikuwa limeupita uzi mbali. Akauliza umri, nikamwambia arobaini na mbili. Kuhusu mzazi hakuuliza. Akavuta droo, na ndani yake nikaona kopo la maziwa, limefunikwa, na kando yake kichupa kilichofunguliwa chenye tarehe ya penseli. Alichukua kichupa.

"Ulikula leo?"

"Sikula kitu, Mama. Nilitoka na pikipiki mapema sana."

"Hata kitu?"

"Hata kitu."

Akashika mkono wangu akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Vidole vyake vikashikamana na vyangu kidogo vilipoachana. Mimi pia ni mtoto wa kilima kile, na njia ya kutoka Masisi ni ndefu, na mahali tulipotengeneza tairi kulikuwa na mama anauza muwa.

Alifunga kichupa, akakirudisha kwenye droo, akafungua daftari. Chini ya mstari wa kumi na moja akaandika jina langu, lile la ubatizo. Sikujua kwamba analijua. Akapiga safu tatu mbele yake.

"Kesho asubuhi," akasema.

"Mama, pikipiki inaenda Omate saa hii."

Alikuwa ameshamwita mgonjwa mwingine. Nikatoka nje nikamwambia dereva aende peke yake, kisha nikatafuta ndoo yenye kifuniko nikanawa mikono.